NJIA NI HAKI YA NANI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Watu wa miji yetu ya pwani ni hodari wa kuulizana juu ya milki. Nyumba ikigombaniwa, huletwa hati na mashahidi. Shamba likigawanywa, huitwa mwenye elimu ya mirathi, na kila mrithi huhesabiwa fungu lake hata likiwa ni minazi miwili. Mali ya wakfu ikiguswa, msikiti mzima hunong'ona. Lakini kipo kitu kimoja kinachogawanywa kila siku mbele ya macho yetu, wala hapana aulizaye kimekwenda kwa nani, nacho ni njia. Njia haina hati mkononi mwa mtu, wala haina mrithi wa kulalamika kwa kadhi. Kwa hiyo kila anayejikatia sehemu yake husema: nimechukua kidogo tu. Vidogo hivyo vikikusanyika, mwenda kwa miguu hujikuta amebanwa ukutani katika mji aliozaliwa.

Suala tunalotaka kulitazama leo ni hili: Je, ni haki njia za ndani ya miji yetu, khasa miji mikongwe kama Mji wa Kale wa Mombasa, zizuiliwe motokaa na pikipiki, zikaachiwa waendao kwa miguu, watoto, akina mama, wazee na wenye baraza zao? Au kufanya hivyo ni kumdhulumu mwenye gari, ambaye naye ni raia na ni Muislamu kama sisi? Wako wanaolidhani jambo hili kuwa ni la watalii na wapiga picha, na wako wanaosema kuwa ni la wahandisi wa kaunti. Sisi twaona kwamba kabla ya kuwa jambo la mhandisi ni jambo la haki na dhulma, na haki na dhulma ni mlango wa dini.

Haki ya njia katika Sharia

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha sahaba zake na kukaa njiani. Wao wakamweleza kwamba hawana budi, kwani huko ndiko kwenye mabaraza yao wanapozungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba madamu hawana budi, basi waipe njia haki yake. Na walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Hadithi hii wengi wetu twaijua, na hutajwa kila vijana wakilaumiwa kwa kukaa vijiweni. Walakini ndani yake mna mambo matatu ambayo twayapita upesi. La kwanza, njia ina haki. Si uwanja mtupu ambao mwenye nguvu hujichukulia. La pili, njia si ya kupita tu. Mazungumzo ya watu njiani yalikubaliwa kuwa ni haja yao, na hii ndiyo baraza ya kwetu tunayoijua: mahali pa kupeana khabari za ugonjwa na msiba, pa kusuluhishana, na pa mtoto kujifunza maneno ya wakubwa kwa kusikiliza. La tatu, ruhusa hiyo ina sharti, na sharti lenyewe tutalirudia mbele, kwa maana ndilo tunalolikimbia sana.

Kadhalika twajua kwamba Mtume (S.A.W.) aliihesabu imani kuwa ina matawi sitini na kitu, au sabini na kitu, na la chini kabisa akalitaja kuwa ni kuondoa udhia njiani. Na katika hadithi nyingine, mtu aliyeondoa tawi la miba njiani alisamehewa madhambi yake. Basi yatupasa tufikiri: ikiwa kuondoa mwiba ni katika imani, je, kuweka chuma chenye uzito wa zaidi ya tani moja mbele ya mlango wa jirani, tangu alfajiri hata isha, ni katika nini?

Wanavyuoni hawakuliacha jambo hili katika mawaidha matupu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho kimesomeshwa katika darasa za pwani hii kizazi baada ya kizazi, imo milango inayoeleza hukumu za njia iliyo wazi kwa wote. Humo twafundishwa kwamba haifai kuitumia njia kwa namna inayowadhuru wapitao. Mwenye nyumba hawezi kutoa roshani juu ya njia, wala kujenga daraja la juu la kuunganisha nyumba mbili, lile ambalo watu wa Lamu huliita wikio, illa liwe limeinuka kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima. Na ikiwa ni njia ya misafara, basi liinuke kiasi cha ngamia kupita na machela yake. Tena wakasema ni haramu kujenga kibaraza cha kukalia au kupanda mti katika njia hiyo, ijapokuwa wako wanavyuoni wengine waliojuzisha ikiwa hapana madhara. (Baraza iliyo ndani ya milki ya mwenye nyumba haimo katika katazo hilo, iliyotoka nje ikabana njia ndiyo iliyomo.) Na kukaa njiani kwa kupumzika au kuuza wakakuruhusu, kwa sharti kwamba wapitao hawabanwi.

Ndugu zetu, tuupime uzito wa maneno hayo. Mti una kivuli, kibaraza hukaliwa na wazee, wala kimojapo hakimkimbilii mtu kikamvunja mguu. Na juu ya hayo wanavyuoni walichelea visije vikaibana njia na vikageuka milki. Motokaa iliyoegeshwa kutwa haina kivuli cha kumpumzisha mpita njia, haikaliwi na mzee, na mahali ilipo mtu mwingine hawezi kupita. Je, hukumu yake itakuwa nyepesi kuliko ya mti? Ni lazima tukiri kwamba ada imetuziba macho: jambo likionekana kila siku hudhaniwa kuwa ni halali kwa sababu tu limezoeleka.

Dhiraa saba

Imepokewa pia katika Bukhari na Muslim kwamba watu walipokhitilafiana juu ya upana wa njia, Mtume (S.A.W.) alihukumu iwe dhiraa saba. Wanavyuoni wameeleza kwamba kipimo hicho kilitosha mizigo na wapitao wa kwenda na wa kurudi. Dhiraa saba ni mita tatu na kitu, wala hazizidi sana tatu na nusu. Nyingi katika njia za miji yetu ya kale hazifiki hata kipimo hicho. Ziko ambazo mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili.

Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu mita moja na sentimita 70. Likisimama katika njia ya dhiraa saba limekwisha kula nusu yake. Na likipita jingine, mwenda kwa miguu hana pa kuweka mguu ila mlangoni mwa watu. Basi mtu mmoja aliye peke yake ndani ya gari huchukua nafasi ambayo ingewatosha watu kumi kusimama wakaamkiana. Hatusemi kwamba mtu huyo ni mwovu. Twasema kwamba kipimo chake ni kikubwa kuliko fungu lake, kama mrithi aliyejikatia shamba kabla ndugu zake hawajafika.

Hapa yuko atakayesema: wazee wetu walipita njia hizo hizo na punda na mikokoteni, na Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli, leo kumezidi nini? Kumezidi mwendo. Punda na hamali huenda kwa mwendo wa binadamu, na aliye mbele yao huwahi kujitenga. Chuma kiendacho mbio ni jambo jingine, na hesabu yake si ngumu: gari liendalo kilomita 60 kwa saa, pigo lake si mara mbili ya liendalo kilomita 30, bali ni mara nne. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani kote, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hata 29 hapana kinachoua zaidi ya hizo. Katika Kenya yetu, kwa miaka ya karibuni, waliokufa barabarani wamezidi 4,000 kila mwaka, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Hao hawakumgonga mtu, waligongwa.

Na katika khabari za Hija ya Mtume (S.A.W.) imepokewa kwamba siku ya Arafa alisikia nyuma yake kelele za watu wakiwachapa na kuwakimbiza ngamia. Aliwaashiria kwa mjeledi wake, akawaambia watulie, kwani wema haupatikani kwa kukimbiza. Ikiwa hivyo ndivyo katika safari ya ibada, je, itakuwaje katika safari ya kwenda kununua mkate?

Madhara yasiyoandikwa na polisi

Ajali huandikwa, lakini liko jambo jingine lisiloandikwa popote. Njia ikijaa magari, mtoto huitwa ndani. Bibi aliyekuwa akitoka magharibi kwenda kumtazama jirani yake mgonjwa huona heri asubiri kesho, na kesho husubiri tena. Muuza kahawa huhama, kwa kuwa hapana anayekaa. Baraza hubakia kuwa ni jiwe tu. Kisha twaulizana mbona siku hizi jirani hamjui jirani, mbona watoto hawana adabu ya kuamkia, mbona mtu hufa katika mtaa na khabari ikafika kwa simu kabla ya kufika kwa mdomo. Twalaumu simu, twalaumu shule, twalaumu zama. Kwa nini tusiulize watu hao wangejuana wapi, ikiwa mahali pao pa kukutania tumekwisha kupaegesha magari?

Iko adabu moja ya dini inayolionyesha jambo hili waziwazi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyepanda ndiye aanzaye kumsalimu aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu amsalimu aliyekaa. Hekima yake wanavyuoni wameieleza: aliyepanda yuko juu, basi na ajinyenyekeze kwa yule wa chini, asije akaingiwa na kiburi. Leo aliyepanda amefunga kioo, na salamu yake ni honi. Mzee wa miaka sabini hupigiwa honi na kijana wa miaka ishirini, akaruka kando, na kijana hajui kwamba amefanya jambo, wala si kwa ukhabithi wake. Kijana huyo huyo, lau angekutana na mzee huyo kwa miguu, angesema shikamoo na kumpokea mzigo. Chombo ndicho kilichobadilisha mahali pa kila mmoja wao, mwenye nguvu akawa hana haja ya kumtazama dhaifu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan amewasifu waja wake kwa kutembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu, na Luqman alimuusia mwanawe asitembee kwa maringo. Mtu aweza kuwa na maringo juu ya miguu yake pia. Lakini yuko mbali zaidi na unyenyekevu yule ambaye kila anayemwona mbele yake humwona ni kizuizi.

Miji inayojaribu

Wala tusidhani kwamba kuishi bila motokaa mlangoni ni ndoto. Ndugu zetu wa Lamu wamelijua jambo hili tangu zamani. Mji wao wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Apitaye Usita wa Mui husikia sauti za watu kabla hajawaona, na mtoto wa miaka sita hutumwa dukani peke yake bila mamake kushika moyo. Walakini hatutaki kuipamba Lamu kwa yasiyokuwemo. Kinyesi cha punda na mitaro iliyo wazi ni udhia vilevile, na kutokuwa na magari hakukuifagia njia. Tena katika miaka ya karibuni bodaboda zimeingia kisiwani, na imebidi serikali ya kaunti itoe makatazo ili zisipite katika mji wa kale. Hii yaonyesha kwamba njia iliyo huru haijilindi yenyewe, yataka walinzi.

Mji wa Fez katika nchi ya Moroko una msikiti na chuo cha Qarawiyyin, vilivyoasisiwa mwaka 859 na mwanamke Muislamu, Fatima al-Fihri. Vichochoro vya mji wake wa kale havipiti magari hata leo, na mizigo huchukuliwa kwa nyumbu, punda na mikokoteni. Huo si mji mfu. Ndani yake mna wafua shaba, watengeneza ngozi, waoka mikate na wanafunzi.

Na kwa wale ambao hawatulii mpaka waone mfano wa Ulaya, upo. Mji wa Copenhagen uliifunga njia yake kuu ya biashara, Strøget, kwa magari mnamo Novemba 1962, kwanza kwa majaribio. Wenye maduka walipiga kelele kwamba watafilisika, na wengine walisema watu wa nchi ya baridi hawana desturi ya kukaa nje. Biashara haikufa, ilikua. Na njia hiyo ni ya miguu hata sasa. Pontevedra, mji mdogo wa Hispania, ulianza kuyatoa magari katikati yake mwaka 1999. Na hapa karibu, Kigali waliifunga moja ya njia za katikati ya mji mwaka 2015, na tangu mwaka 2016 huwa na asubuhi maalumu ambazo barabara kubwa huachiwa watu watembee na kufanya mazoezi. Hapa Kenya, mwaka 2019 ilitangazwa kwamba katikati ya Nairobi itakuwa na siku mbili kwa wiki zisizo na magari. Tangazo lilitangulia matayarisho, na jambo likaahirishwa. Katika hilo pia mna somo: amri isiyoshauriana na watu haifiki mbali.

Tumeitaja miji hii si kwa kuiga. Hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, popote akionapo hukichukua. Na hii ilikuwa yetu kabla haijawa yao.

Hoja za wanaopinga

Haki haidhihiriki mpaka upande wa pili usikilizwe, na sisi tumewasikiliza.

Wako wasemao kwamba huku ni kurudi nyuma, na kwamba motokaa ni maendeleo. Twajibu: maendeleo ni mtu kuendelea, si gari. Chombo chochote ni neema mahali pake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiuendea msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa kupanda na mara kwa miguu, hatukuletewa dini ya kuchukia vipando. Lori libebe mzigo barabara kuu, na basi lichukue abiria kwenda Malindi. Kinachokataliwa ni chombo cha njia ya safari kuingia katika njia ya nyumba.

Wako wasemao: tumelipa kodi ya barabara, basi barabara ni yetu. Twajibu: kodi ya matengenezo iliyomo katika bei ya petroli haimo huko tu. Unga huja kwa lori, na lori hunywa mafuta. Kwa hiyo mama anunuaye kilo moja ya unga naye ameichangia barabara, ijapokuwa hana hata baiskeli. Tena ada ya kukitengeneza kitu si bei ya kukimiliki. Anayechangia mafuta ya taa ya msikiti hapati ruhusa ya kulala mihirabuni.

Wenye maduka wanaogopa riziki zao. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini na wajiulize: mteja wao ni gari au ni mtu? Apitaye kwa gari katika njia nyembamba huwa na haja moja tu, nayo ni kutoka. Apitaye kwa miguu ndiye asimamaye, akauliza bei, akapimiwa kanzu. Tuuangalie mji wetu wakati wa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, pale watu wanapozizidi gari kwa wingi na vyombo vikashindwa kupita: viazi karai, mishikaki, mabuyu na kaimati huuzwa wakati gani zaidi ya huo? Mizigo ya maduka na iingie alfajiri kabla ya saa mbili, kisha njia ifungwe.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya dhaifu: mgonjwa, kiwete, mwenye mimba, mzee asiyeweza kufika barabara kuu. Hao hatuna haki ya kuwasahau, kwani sheria inayomwinua mwenye miguu ikamwacha asiye na miguu itakuwa imehamisha dhulma, haikuiondoa; na kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Basi gari la wagonjwa, zimamoto, jeneza na chombo cha mlemavu vina ruhusa saa zote. Na tukumbuke kwamba leo hii, ambapo njia imejaa magari yaliyoegeshwa, gari la zimamoto haliingii. Nyumba ikishika moto, ni nani atakayelaumiwa?

Iliyobakia ni hoja ya kijana wa bodaboda na tuktuk. Huyu hakuingia katika kazi hii kwa anasa. Aliingia kwa kukosa nyingine, na ana watu wanaomngojea jioni. Tukimfukuza na gari la tajiri tukaliacha limeegeshwa kwa kuwa mwenyewe anajuana na mkubwa, tutakuwa tumeingia katika yale ambayo Mtume (S.A.W.) aliyataja kuwa yaliwaangamiza waliotutangulia: mtukufu akikosa huachwa, dhaifu akikosa huadhibiwa. Sheria ianze na kubwa. Vijana wapewe vituo vilivyo pembezoni mwa mji wa kale, penye kivuli na ruhusa iliyoandikwa. Na kazi ya kupeleka mizigo ndani kwa mikokoteni iwe yao. Kanuni ya kwamba madhara ya mtu mmoja huvumiliwa ili kuzuia madhara ya wote ni ya kweli, lakini haikusema kwamba huyo mmoja daima awe maskini.

Deni letu wenyewe

Sasa turudi kwenye lile sharti. Tuseme kesho Ndia Kuu imefungwa, magari yameondoka, na njia tumeachiwa sisi. Je, tutaipa haki yake?

Haki ya kwanza ni kuinamisha macho. Binti wa shule akipita mbele ya baraza yenye wanaume ishirini, akahesabiwa hatua na kutupiwa maneno, huyo hakupata njia. Amebadilishiwa udhia tu, na huenda akalitamani gari limfiche. Haki ya pili ni kuzuia udhia: jaa la takataka pembeni mwa mlango wa jirani, maji machafu yaliyomwagwa, bidhaa zilizotolewa nje ya duka hata katikati ya njia, hema la harusi lililofunga mtaa siku tatu bila ya watu kuulizwa. Haki ya tatu ni salamu, nayo ni kwa kila mtu, si kwa jamaa na wa kabila letu pekee. Na haki ya nne ni kuamrishana mema. Baraza inayotafuna majani na heshima za watu usiku kucha, na mtoto akiona na kusikia, haikuondolewa magari ili ifanye hayo.

Na katika hesabu hii tusiisahau Ijumaa. Ni mara ngapi motokaa za wanaoiwahi safu ya mbele zimefunga mlango wa jirani wa msikiti, mgonjwa akashindwa kutolewa hata imamu atoe salamu? Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), aliwaambia wakae majumbani mwao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Sisi twakimbilia thawabu za safu kwa kuzikimbia thawabu za hatua, na kwa kumuudhi jirani juu yake.

Iko khatari nyingine ambayo ni wajibu kuionya mapema. Njia ikitulia na ikapendeza, nyumba zake hupanda bei. Wageni wenye mali huja, na mwenye nyumba ya urithi huona fedha ambazo hajapata kuziona. Akiuza huyu na akauza yule, tutakuwa tumeisafisha njia kwa ajili ya hoteli, na wajukuu zetu watakuja kuitembelea kwa tiketi. Anayetaka kuihifadhi njia na aihifadhi na nyumba iliyo juu yake. Na wakfu ni mlango ambao wazee wetu waliujua vizuri kuliko sisi.

La kufanya

Hatuombi yote kwa siku moja. Twapendekeza kuanza na madogo yasiyoshindika: njia za kwenye madrasa na shule zifungwe kwa magari wakati wa watoto kuingia na kutoka, njia zinazozunguka misikiti mikubwa siku ya Ijumaa, na nyusiku za Ramadhani tangu magharibi hata daku. Haya yataka viti viwili na kamba, na watu wa mtaa wenye msimamo, pamoja na ruhusa ya kaunti. Likionekana jema, liongezwe. Likionekana lina madhara, lirekebishwe. Na shauri liwe la wote: maimamu, wenye maduka, vijana wa vyombo, na akina mama, ambao wao ndio waijuao njia kwa mchana mzima huku wanaume wako kazini, na mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa.

Na kabla ya ruhusa ya kaunti kufika, kila mmoja wetu anayo ruhusa aliyopewa na dini yake: aegeshe mbali atembee kidogo, ashushe kioo atoe salamu, aondoe kilicho chake njiani. Siku ya Kiyama mtu ataulizwa juu ya haki za waja, na waja ambao tumewabana njiani ni wengi, wala majina yao hatuyajui ili tuwaendee tuwaombe radhi. Hiyo peke yake yatosha kumfanya mwenye akili awe mwangalifu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotembea juu ya ardhi yake kwa unyenyekevu, na atuepushe na kuwaudhi waja wake tukijua na tusipojua. Amin.